Kibutsi: jiko lilitoka nyumbani, mwanamke akalifuata

#1 Kijana wa Zizini (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna mdau kwenye uzi wa ndoa alisema usawa wa mume na mke umewezekana sehemu moja tu duniani, kwenye kibbutz za Israeli, na watu wakamgongea laiki kama mvua. Nilianza kumjibu palepale, jibu likanenepa, nimeona nilihamishie huku. Nimekaa kwenye kimoja miezi 11, mafunzo ya kilimo kwa vitendo. Kazi yangu ilikuwa kukamua. Ng'ombe wa kule wanakamuliwa mara tatu kwa siku, na kati ya mkamuo na mkamuo kuna muda wa kusoma na wa kukaa na wazee.

Nitaandika "kibutsi" ili litamkike, na wingi wake "vibutsi". Kiswahili kimeshalisukuma neno hilo kwenye ngeli ya KI-VI, mimi nani nibishe.

Kwa asiyejua: kibutsi cha asili ni kijiji ambacho ardhi, mifugo, mashine na nyumba ni vya wote. Mwanachama hana mshahara. Anafanya kazi aliyopangiwa, kijiji kinamlisha, kinamvika, kinamtibu, kinamsomeshea watoto. Meneja wa kiwanda na mwosha vyombo wanapata sawasawa. Mambo makubwa yanaamuliwa kwenye mkutano wa wanachama wote, kwa desturi Jumamosi usiku, kila mtu kura moja. Cha kwanza ni Degania, 1910, kusini mwa Ziwa Galilaya, Waturuki wakiwa bado wanatawala. Walioanzisha walikuwa 12: wanaume 10 na wanawake 2.

Shikeni hiyo hesabu. Wanaume 10 wameshika majembe, jua kali, malaria. Nani anapika?

Wasichana waliotoka Urusi kwenda kule hawakusafiri masafa yote hayo kwenda kukoroga uji. Walikuwa na ndoto ileile ya wenzao, kulima. Walipofika wakaonyeshwa sufuria na beseni. Hawakunyamaza. Miriam Baratz, wa kizazi cha kwanza cha Degania, alitaka zizi. Inasimuliwa kwamba alikwenda kujifunza kukamua kwa wanawake wa Kiarabu wa kijiji cha jirani, halafu alfajiri moja akamtangulia mwanaume mwenye zamu. Jamaa anaingia, anakuta maziwa yako ndooni. Mwaka 1911 Hannah Maisel akafungua shamba la mafunzo la wasichana hapohapo karibu, Kinneret, ili wajifunze mboga, kuku na ng'ombe, kwa sababu mwanamke asiye na ujuzi ilikuwa rahisi kumrudisha jikoni.

Mwaka 1913 Miriam akajifungua, mtoto wa kwanza wa Degania. (Wa pili, 1915, ni Moshe Dayan, yule jenerali wa jicho moja.) Kijiji kikapigwa na butwaa. Mtoto ni wa nani? Akilia wakati mama yuko zizini, ni shughuli ya nani? Baada ya mjadala mrefu wakakubaliana kwamba malezi ni jukumu la kundi zima na gharama zake zibebwe na wote.

Kutoka hapo ikajengeka nadharia nzuri kabisa kwenye karatasi. Kinachomfunga mwanamke ni jiko, nguo chafu na watoto. Basi vitoe nyumbani: jiko moja la kijiji, bwalo moja, chumba kimoja cha kufulia, nyumba ya watoto. Mwanamke yuko huru.

Vikatoka kweli. Ila mwanamke akavifuata. Aliyekuwa awapikie mume na watoto watatu sasa anapikia watu mia tatu, saa nane kwa siku, na kule kwenye matrekta wamejaa wanaume. Kwenye vibutsi vingi hali ikawa hiyo kwa miaka na miaka: jikoni, dobi, ghala la nguo, watoto na shule ni wanawake. Shamba, mashine, kiwanda na uhasibu mkubwa ni wanaume.

Nakaribisha ubishi.

#2 Fundi wa Kona

Naweka kiti hapa. Kahawa na kashata tafadhali.

#3 Bint Pangani

Mleta mada, leo umeongea. Ila sijashangaa hata chembe. Nikuulize: harusi za kwetu pwani, pilau la masufuria yale makubwa linapikwa na nani? Wapishi wanaume, tena wanaitwa kutoka mtaa wa pili na wanalipwa. Keshokutwa yake nyumbani sufuria dogo analipika nani? Kupika kukiwa na heshima na bahasha, mwanaume anajua kupika. Kukiwa hakuna, kunageuka "kazi za kike". Hao wa kibutsi hakuna aliyelipwa, kwa hiyo haikuwa kazi ya heshima. Nimekosea?

#4 Kijana wa Zizini

Dada Bint Pangani, hujakosea, ila kuna kitu kinachekesha. Kule hakuna aliyelipwa kwa kazi yoyote, hata mwenye trekta. Mfukoni wote sawa. Bado heshima ikajua njia ya kupita. Vitabu vya hesabu vya kibutsi vilitenganisha matawi yanayoingiza (pamba, maziwa, machungwa, baadaye plastiki) na matawi ya huduma yanayotumia tu. Mwisho wa mwaka mtu wa pamba anasimama mkutanoni anasema tumeingiza kiasi hiki, watu wanatikisa vichwa. Mama wa dobi atasema nini? Tumefua? Huyo kila mwaka anaonekana ni gharama.

Yaani waliondoa pesa mifukoni mwa watu lakini wakaiacha iendelee kupanga nani mkubwa na nani mdogo. Mimi hili ndilo ninaloliona kosa lao kubwa kuliko yote, hata kuliko madeni yaliyovifilisi baadaye.

Wanaume walikuwa wanapita jikoni, tusiwaonee. Kulikuwa na zamu: kila mtu na siku zake za kuhudumia bwaloni au kuosha vyombo. Lakini zamu ni mgeni anayejua ataondoka Ijumaa. Kazi ya kudumu jikoni ilikuwa na wenyewe.

Na kuna hili nimelipenda, wewe kama mtu wa lugha utalipenda pia. Kwa Kiebrania mume ni "baal", maana yake mwenye mali, mmiliki. Wanawake wa vibutsi walikataa kusema "baali". Wakasema "mwanaume wangu" au "kijana wangu". Kiswahili na chenyewe kina kesi hiyohiyo, "bwana wangu".

#5 Bint Pangani

😂😂 Mimi wangu namwita Baba Fulani, kesi imefungwa.

#6 Mzee Kofia

Vijana, nimesoma taratibu. Mimi nilipita JKT miaka ile. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza tarehe 10 Julai 1963 na Waisraeli walikuwa miongoni mwa walioshauri, kwa mfano wa kikosi chao cha Nahal, vijana wa jeshi wanaoshika silaha na jembe. Baadaye, 1973, tukavunja uhusiano nao.

Watu hupenda kusema Mwalimu alinakili kibutsi. Hilo sikubaliani nalo. Mwalimu alikuwa anaongelea ukoo wa Kiafrika. Na kibutsi mtu aliingia kwa kuomba, akawekwa majaribio, akapigiwa kura. Sisi Operesheni Vijiji ilikuja na lori. Lakini jambo la mama mkulima Mwalimu aliliona mapema. Azimio la Arusha, 1967, limeandika wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kupita mtu mwingine yeyote nchini, na wanaume wengi wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Sisi tulilisoma kwa sauti gwaride zima, tukacheka, tukaenda kula chakula alichopika mwingine.

#7 Kijana wa Zizini

Shikamoo mzee. Kuhusu kuomba na kupigiwa kura, kweli kabisa. Golda Meir, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israeli, yeye na mumewe waliomba kuingia kibutsi cha Merhavia 1921 na mwanzoni walikataliwa. Alipokubaliwa, moja ya kazi alizopewa ilikuwa kuku.

#8 Mama Wanne

Mimi nataka kujua habari ya watoto. Nimesikia walikuwa wananyang'anywa. Ni kweli au ni chai?

#9 Kijana wa Zizini

Mama Wanne, kunyang'anywa si neno lenyewe, kwa sababu wazazi wenyewe ndio waliopiga kura. Ila ukisikia utaratibu unaweza usione tofauti.

Mtoto akifikisha wiki chache anahamia nyumba ya vichanga. Mama anakwenda kumnyonyesha anarudi kazini. Baadaye mtoto anaingia kundi la rika lake, na kundi hilo linakula pamoja, linaoga pamoja, linalala pamoja kwenye nyumba yao, chini ya mlezi (karibu daima mwanamke). Saa kumi jioni wazazi wakitoka kazini, mtoto anakuja chumbani kwao, wanacheza, wanakula keki, wanatembea. Wazee wanasema baba wa kibutsi alikuwa na muda na mwanawe kuliko baba wa mjini, na hilo naliamini, maana muda huo ulikuwa hauna kupika wala kufua. Ikifika usiku anarudishwa kulala na wenzake.

Usiku kuna mlinzi wa zamu, mwanamke tena, anazunguka nyumba baada ya nyumba. Miaka ya baadaye wakafunga vipaza sauti, akawa anasikiliza akiwa sehemu moja. Mtoto wa nyumba ya tano akiamka analia na mlinzi yuko nyumba ya pili, atasubiri. Wapo waliokimbia gizani peku hadi kwa mama zao, wakarudishwa. Mama mmoja mzee pale nilipokuwa, hadi leo hataki kuongelea usiku.

Si wote walifanya hivyo. Degania wenyewe, waanzilishi, watoto walilala na wazazi.

Kulikuwa na sababu za dhiki pia, tusione ni itikadi tupu. Miaka ya 1930 watu waliishi kwenye mahema na vibanda. Nyumba ya kwanza ya zege mara nyingi ilikuwa ya watoto. Wanandoa walipewa chumba, na vyumba vilipopungua wakawekewa mtu wa tatu, kapera, alale humohumo. Huyo alikuwa na jina: Primus. Kama jiko la Primus, kwa sababu lina miguu mitatu.

#10 Fundi wa Kona

Primus ndani ya chumba cha maharusi 😭😭 Hii nchi niliyozaliwa naishukuru.

#11 Mama Wanne

Tumecheka, sawa. Lakini sisi tunaopeleka mtoto wa darasa la tatu bweni, anaonekana likizo tu, tunawacheka nini hao wa saa kumi jioni? Wangu wa pili nilimpeleka bweni akiwa na miaka minane. Nililia njia nzima kurudi, na ada nililipa mwenyewe.

#12 Kijana wa Zizini

Mama Wanne, hapo umenifunga.

Ngoja niongeze kwamba waliovunja utaratibu ule ni kina mama. Miaka ya 1960 na 1970 binti za wale waanzilishi, waliolala wenyewe kwenye nyumba za watoto, ndio walioinuka mikutanoni wakasema wa kwangu atalala kwangu. Kibutsi baada ya kibutsi wakapiga kura, nyumba zikaongezwa vyumba. Vita vya Ghuba vya 1991 vikamalizia: makombora ya Iraki yanaanguka usiku, hakuna mzazi aliyekubali mtoto akae mbali. Mwisho wa miaka ya 1990 utaratibu ulikuwa umekwisha.

Sasa hapa wasomi walipigana. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Melford Spiro, alikaa kibutsi 1951, akarudi 1975, akaona mabinti wanataka familia, nyumba na malezi kuliko mama zao. Akahitimisha kwamba maumbile yamerudi yalipofukuzwa. Mimi hitimisho hilo nalikataa. Utasemaje maumbile, wakati msichana amekua hajawahi kuona mlezi mwanaume hata mmoja, wala mkuu wa matrekta mwanamke? Ile nusu ya pili ya jaribio, ya wanaume kuingia nyumba ya watoto, haikufanyika. Huwezi kupika ugali bila unga halafu ukatangaza kwamba ugali hauwezekani.

Pembeni kidogo: wale watoto wa kundi moja walipokua hawakutakana. Joseph Shepher, mtafiti ambaye na yeye alikuwa mwanakibutsi, alipitia ndoa karibu 2,800 za vijana wa vibutsini. Waliooana kutoka kundi moja la malezi walikuwa 14. Hakuna aliyewakataza, na wazazi wengine wangefurahi. Walionana kama ndugu walionyonya ziwa moja.

#13 Asiye na Cheti

Mnasifia usawa wa watu waliokaa kwenye ardhi ya nani? Kibutsi Bar'am kilianzishwa 1949 karibu na Kafr Bir'im, kijiji cha Wapalestina Wakristo walioondolewa 1948 na kuambiwa watarudi. Hawajarudi mpaka leo. Usawa gani wa kuchagua watu? Na vibarua je? Tusipambe mambo.

#14 Kijana wa Zizini

Mkuu, sipambi, ndiyo maana uzi unaitwa hivyo. Unayosema ya Bar'am ni kweli, na si hicho peke yake. Usawa wa kibutsi ulikuwa wa wanachama, na Mwarabu kuwa mwanachama ilikuwa nadra sana.

Vibarua ndilo jeraha lao la ndani. Kanuni ilikuwa kazi yako ifanye mwenyewe, kumwajiri mtu ni kumnyonya. Halafu miaka ya 1950 wakaja wahamiaji wengi Wayahudi kutoka Moroko, Iraki na Yemeni, wakawekwa kwenye miji mipya jirani, hawana kazi. Serikali ikasukuma vibutsi viwaajiri. Vikaajiri. Ikawa aliye ndani ni mwanachama na bwawa lake la kuogelea, aliye nje ni kibarua anayerudi na basi jioni. Menachem Begin, waziri mkuu wa wakati huo, mwaka 1981 aliyachokonoa hayo mabwawa kwenye mahojiano, na aliwajua wapiga kura wake.

Siku hizi mashambani ni Wathai, na wanafunzi wa mafunzo kama nilivyokuwa mimi. Tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas waliposhambulia vibutsi vya karibu na Gaza, pale Nir Oz na Nahal Oz, waliouawa hawakuwa wenyeji tu. Vijana wetu wawili Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo waliuawa kwenye shambulio lile. Sitawataja majina, familia zao zimesemwa vya kutosha mitandaoni.

#15 Mzee Kofia

Mwenyezi Mungu awarehemu.

#16 Fundi wa Kona

Amina. Mleta mada, sasa vilianguka vipi? Nasikia siku hizi kuna mishahara.

#17 Kijana wa Zizini

Fundi, wazee wanatania kwamba vilianguka siku birika lilipoingia chumbani. Birika la chai! Zamani chai unakunywa bwaloni na wenzako. Ukiwa na birika lako unakunywa na mkeo, mlango umefungwa. Walibishana mkutanoni kuhusu birika, kisha redio, kisha televisheni. Mwanzoni kabisa hata nguo zilikuwa za wote: unapeleka chafu, unachukua safi yoyote inayokutosha. Shati ulilovaa Sabato hii, wiki ijayo liko mgongoni kwa jirani. Walioomba nguo ziandikwe namba, kila mtu na zake, walionekana wamelegea imani.

Lakini birika halifilisi kijiji. Kilichofilisi ni mikopo. Mwaka 1984 mfumuko wa bei Israeli ulipita asilimia 400. Ukikopa, deni linaliwa na mfumuko, kwa hiyo wote walikopa: viwanda, nyumba, mabwawa. Julai 1985 serikali ikaubana mfumuko, riba ikabaki juu, na madeni yakawa madeni ya kweli. Serikali, benki na vibutsi vikakaa mezani 1989 kupunguza mzigo. Vijana walikuwa wameshaanza kuondoka. Wazee wa miaka 70 wakagundua hawana pensheni, maana pensheni yao ilikuwa kijiji chenyewe, na kijiji kinadaiwa.

Miaka ya 1990 vikaanza kulipa mishahara tofauti kulingana na kazi. Degania, mama wa vyote, ilipiga kura kubadilika 2007. Leo kati ya vibutsi takribani 270, vingi ni vya mtindo mpya: unalipwa chako, unakatwa kodi ya jamii ya kuwasaidia wazee na wasiojiweza. Vichache bado vinagawana sawa, kama Ma'agan Michael, na si maskini hata kidogo. Wana kiwanda cha plastiki kinachouza dunia nzima.

Pale kwangu bwalo lilikuwa la kulipia kwa kadi. Kipande cha kuku kina bei yake, saladi bei yake. Wazee wanasimama na sinia wanapiga hesabu.

#18 Bint Pangani

Subiri. Mishahara ilipokuja, wale mama wa dobi na jikoni walipangiwa shilingi ngapi?

#19 Kijana wa Zizini

Bei ya soko, dada. Na soko la kufua na kulea unalijua. Mtu amelea watoto wa kijiji miaka 30 akihesabiwa sawa na injinia, asubuhi moja anaambiwa thamani yake ni kima cha chini. Injinia yeye akapanda. Kazi ni zilezile, sema sasa zimeandikwa bei.

#20 Asiye na Cheti

Hapo angalau nakubaliana nawe.

#21 Bint Pangani

La mwisho, sitaki kukuchosha. Wewe mwenyewe miezi 11 uliingia jikoni mara ngapi? Na kwenye kundi lenu hamkuwa na wasichana?

#22 Kijana wa Zizini

Nimekaa na swali lako tangu jana.

Jikoni sikuingia. Tulikuwa saba kwenye kundi letu, wasichana wawili. Wiki ya kwanza aliyepanga kazi alitusomea orodha: wanaume watano zizini na shambani, wale dada wawili kufungasha pilipili hoho, na jioni kusaidia bwaloni. Mmoja wao alikuwa amesomea mifugo, na alama zake zilinizidi. Aliomba zizi mara mbili, akaambiwa ndoo ni nzito. Kule mashine ndiyo inayokamua, hakuna ndoo ya kubeba.

Sikusema kitu. Nilidhani ni ratiba tu.

#23 Bint Pangani

Namba yake unayo bado? Mtumie huu uzi.